Kinanda Kipya Kinahitaji Zaidi ya Umeme

Mahubiri yakizidi nusu saa, piano ya kidijitali aina ya Yamaha P-45 hujizima yenyewe. Si ubovu. Ndivyo ilivyotengenezwa: isipoguswa kwa takriban dakika 30 hujizima ili isile umeme bure. Mhubiri anasema amina, mwalimu wa kwaya anainua mikono, mpiga kinanda anashusha vidole kwa wimbo wa sadaka, na hakuna kinachosikika. Anawasha upya kwa haraka. Sauti inarudi, ila ufunguo aliouhamisha asubuhi ili wimbo uwakae vizuri soprano umerudi ulivyotoka kiwandani, na kwaya inaimba ubeti wa kwanza kwa kukaza shingo. Waumini wanamtazama mpiga kinanda. Fundi mitambo anakagua waya zake. Kumbe dawa imo ndani ya kitabu cha maelekezo, tena kwa mstari mmoja tu: shikilia kibao cha mwisho kabisa kushoto huku ukiwasha. Ukifanya hivyo mashine haijizimi, hata mahubiri yachukue saa nzima.

Makanisa, shule na familia nyingi Afrika Mashariki zimehamia kwenye piano za kidijitali, na zina sababu nzuri. Piano ya nyuzi ina nyuzi zaidi ya 200 za chuma, nyundo za sufu na ubao mpana wa mti ambao hupanuka na kusinyaa kadiri hewa inavyobadilika. Tanga, Mombasa au Unguja, ambako chumvi na unyevu haviondoki mwaka mzima, nyuzi hizo hupata kutu na sauti hulegea, na mafundi wa kuzikaza ni wachache. P-45 iliingia sokoni mwaka 2015 ikiwa na uzito wa kilo 11.5. Kijana mmoja anaibeba begani kutoka ofisi ya parokia hadi kanisani. Haina uzi wa kukaza.

Kwa sababu haina uzi wa kukaza, watu wamejenga imani kwamba haina kazi yoyote ya kufanyiwa. Michango inakusanywa kwa miezi, kamati inakaa vikao, chombo kinafika Jumamosi jioni, kinatolewa kwenye boksi, kinachomekwa ukutani, na Jumapili asubuhi kinapigwa. Hapo ndipo kosa lilipo. Piano ya kidijitali inahitaji kuwekwa sawa na mtu atakayeipiga, kwa vidole vyake, ndani ya jengo lake, kabla ya ibada ya kwanza au kipindi cha kwanza cha darasa. Kazi hiyo haigharimu shilingi. Inahitaji jioni moja ya utulivu na mtu aliyeruhusiwa kugusa vitufe bila kufokewa.

Vitufe vyenyewe ni vichache kuliko watu wanavyodhani. P-45 ina swichi ya kuwashia, kidude cha kusogeza ili kuongeza au kupunguza sauti, na kitufe kimoja kilichoandikwa Grand Piano/Function. Basi. Mengine yote hupatikana kwa kushikilia kitufe hicho kimoja na kubonyeza kibao fulani kati ya vibao 88. Kibao hiki kinaleta sauti ya ogani, kile kinawasha metronomu, kingine kinabadilisha uzito wa mguso. Roland FP-10, iliyotoka mwaka 2019, nayo inategemea mtindo huohuo wa kitufe pamoja na kibao. Mtindo huu unafanya uso wa mashine uwe safi, lakini unaficha mambo. Mtu asiyesoma maelekezo anaweza kupiga piano hiyo miaka mitano asijue kwamba ina metronomu ndani, na wapo wanaonunua nyingine ya mezani wakati ya bure wanaikalia mbele.

Basi kazi ianzie kwenye umeme. Piano hizi hazili umeme wa ukutani moja kwa moja. Adapta hupunguza volti 230 za kwetu hadi volti 12, na P-45 inatumia takriban wati 6 tu. Balaa huanza adapta ya asili inapopotea na mtu akaleta ya redio au ya modemu kwa kuwa tundu lake linaingia. Kuingia si hoja. Kila adapta ina mchoro mdogo unaoonyesha kama chanya iko ndani ya ncha au nje, na watengenezaji hawafanani katika hilo. Pamoja na mchoro kuna volti na ampea. Vitu hivyo vitatu vikilingana na vilivyoandikwa nyuma ya piano, sawa. Kimoja kikipishana, adapta ibaki mfukoni, kwani bodi iliyoungua haitengenezeki kirahisi. Kifaa cha kulinda dhidi ya umeme unaopanda na kushuka nacho kihesabiwe katika bajeti ya ununuzi tangu mwanzo. Pale umeme unapokatika mara kwa mara, kamati iangalie pia mashine kama Casio CDP-S100, ambayo huendeshwa kwa betri sita ndogo za kawaida, zile za AA, adapta inapokosa umeme.

Kisha urefu. Vibao vya piano ya kawaida huwa kama sentimita 72 hivi kutoka sakafuni. Meza ya ukumbini peke yake ina urefu huo au zaidi. Ukiiweka piano juu yake, mpigaji anainua mabega kama anayefua kwenye karo refu, na baada ya nyimbo nne mikono imekufa ganzi. Kiwiko kilingane na vibao, au kiwe juu yake kidogo. Stendi ya miguu iliyokingamana inarekebishika, nayo ni rahisi kuliko matibabu ya mgongo.

Halafu kuna suala la vitambaa. Kanisa likipata chombo kipya akina mama hukipamba, na ni heshima nzuri. Lakini piano nyembamba za siku hizi nyingi zina spika zinazotazama chini, na kitambaa kinachoning'inia pande zote hadi magotini mwa mpigaji kinaziba sauti nzima. Sauti inatoka imefunikwa, mpigaji anaongeza nguvu, spika zinaanza kukwaruza, na hukumu inatolewa kwamba chombo ni kibovu. Kipambwe baada ya ibada.

Sasa jambo lenyewe, yaani mguso.

Bartolomeo Cristofori alipounda piano ya kwanza mjini Firenze, Italia, karibu na mwaka 1700, alikuwa anatafuta kitu ambacho vinanda vingi vya wakati wake havikuwa nacho. Vinanda vile vilivyochomoa nyuzi kwa ncha ya unyoya vilitoa sauti ileile kidole kikishuka taratibu au kwa kishindo. Cristofori aliweka nyundo badala ya ncha, na kidole kikaweza kunong'ona na kupaza sauti kwenye chombo kilekile. Miaka 300 baadaye mashine ya kidijitali inaiga jambo hilo kwa njia ya kushangaza. Haipimi uzito wa kidole. Chini ya kila kibao kuna vihisio viwili au vitatu vilivyopishana kina, na kompyuta hupima muda kati ya kibao kugusa cha kwanza na kugusa cha pili. Muda ukiwa mfupi, kibao kimeshuka kwa kasi, sauti inakuwa kubwa. Ukiwa mrefu, sauti inakuwa ndogo. Kasi hiyo huandikwa kwa namba kuanzia 1 hadi 127, kwa lugha ya MIDI ambayo kampuni za vyombo hivi zimekuwa zikiitumia tangu mwaka 1983.

Kwa hiyo mashine lazima iambiwe kasi gani ihesabiwe kuwa kubwa. Hapo ndipo kuna mpangilio wa mguso, na P-45 inao wa namna nne: laini, wastani, mgumu, na usiobadilika. Kwenye laini, kidole chepesi kinatoa sauti kubwa. Kwenye mgumu, inabidi kushuka kwa nguvu ili kupata sauti hiyohiyo. Kwenye usiobadilika, kila kidole hutoa sauti moja, iwe umegusa au umepiga. Kiwandani mashine huwekwa wastani.

Fikiria wapiga vinanda wa Afrika Mashariki wanatoka wapi. Wengi walijifunza kwenye vinanda vya vibao 61 vyenye springi, vyepesi, au kwenye hamoniamu na ogani ambako nguvu ya kidole haibadilishi kitu. Mtu huyo anapokalia piano yenye vibao vizito, kwanza vidole vinachoka. P-45 ina vibao vyenye uzito unaopungua kutoka besi kwenda juu, kama ilivyo kwenye piano ya nyuzi. Kisha sauti inamtoka kwa mafungu: noti moja inapasuka, ya pili haisikiki. Anahitimisha kwamba mashine haimfai, au mbaya zaidi, mtu anambadilishia mguso uwe usiobadilika ili mambo yatulie. Mambo yanatulia kweli. Na pesa yote iliyolipwa kwa ajili ya vibao vizito imetupwa, maana kilichobaki ni kinanda kizito kisichosikia kidole.

Ushauri hapa ni wa vitendo. Mwanafunzi mdogo au mtu anayetoka kwenye kinanda chepesi aanze kwenye mguso laini kwa wiki chache, kisha arudi wastani vidole vikishapata nguvu. Kipimo ni rahisi: apige noti moja ya katikati mara kumi, kutoka ile anayoisikia yeye peke yake hadi ile inayofika mlango wa nyuma wa kanisa, na kila moja izidi iliyotangulia. Akifika hatua tano na zote zinafanana, mguso haujawekwa sawa au mkono bado haujajifunza. Mguso usiobadilika uachwe kwa ajili ya sauti ya ogani, kwani hata ogani halisi ya mabomba haijali kasi ya kidole.

Kanyagio nalo lina hila yake, na hii imewasumbua wengi. Kazi yake ni kuacha sauti iendelee baada ya kidole kuinuka. Lakini ikitokea mtu amewasha piano huku mguu wake umelala juu ya kanyagio, mashine inadhani hali ya kukanyagwa ndiyo hali ya kawaida. Tangu hapo inakwenda kinyume: ukiinua mguu sauti zinavutana bila mwisho, ukikanyaga zinakatika. Watu wameshapeleka makanyagio mazima kwa mafundi kwa sababu hiyo. Hakuna cha kutengeneza. Zima, ondoa mguu, washa tena.

Linalogawanya wapiga vinanda kuliko yote ni kuhamisha ufunguo. Piano hizi zinaweza kupandisha au kushusha sauti zote kwa nusu toni hadi sita kila upande. Wimbo umeandikwa Do ni A fleti, wenye fleti nne. Mpigaji anajua vibao vyeupe tu. Anashusha nusu toni nne, anapiga kana kwamba yuko C, na kwaya inasikia A fleti. Kwa wenye msimamo mkali huu ni udanganyifu. Kwa wengine ni neema.

Historia iko upande wa neema, angalau kwa sehemu. Irving Berlin, mmoja wa watunzi wa nyimbo waliopendwa kupita wote Marekani katika karne ya 20, alipiga piano karibu maisha yake yote katika ufunguo mmoja, F shapu, ambao karibu wote ni vibao vyeusi. Alikuwa na piano maalumu zenye wenzo wa kusogeza vibao ili sauti itoke katika ufunguo mwingine. Mojawapo, iliyotengenezwa na Weser Brothers mwaka 1940, imehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian mjini Washington. Mtu huyo hakuwa mvivu wala mjinga wa muziki.

Lakini Berlin alikuwa mtunzi chumbani kwake. Mpiga kinanda wa kanisa yuko mbele ya watu 400, na mchungaji anaweza kuanzisha pambio bila kutaja ufunguo. Aliyezoea kutegemea kitufe anatafuta sauti kwa sikio, anahesabu nusu toni, anashikilia Function, anakosea kibao, na pambio limeshafika kiitikio. Aliyejifunza funguo tano anaingia ubeti wa kwanza. Isitoshe, kundi la matarumbeta likija kupiga pamoja, au mgeni akikalia kinanda na karatasi yake ya nota, vibao vinamwonyesha C na masikio yanamwambia A fleti, na hapo hapana maelewano tena.

Msimamo unaofaa ni huu: kitufe kitumike kwenye ibada, kisitumike kwenye mazoezi ya mpigaji mwenyewe. Kwaya ikiwa imechoka usiku wa mkesha, au mwimbaji wa solo amepata mafua, kushusha nusu toni mbili ni busara. Lakini nyumbani, mtu apande ngazi. G ina kibao kimoja cheusi cha kukumbuka, F shapu. F ina kimoja, B fleti. D ina viwili. Akizishika hizo tatu pamoja na C, sehemu kubwa ya nyimbo za kusanyiko zimeshafunguka, na zinazobaki zitakuja kwa wakati wake. Mwalimu wa kwaya anayeandika Do ni G ubaoni ampe mpigaji wake wiki mbili za kuupiga wimbo huo katika G halisi, sio dakika tano kabla ya ibada.

Kuna mpangilio mwingine unaochanganywa na huo, nao ni wa kusogeza sauti kwa hatua ndogo sana, ndogo kuliko nusu toni. Piano ya kidijitali hutoka kiwandani noti ya A ikiwa na mitikisiko 440 kwa sekunde, kipimo ambacho dunia imekizoea; Ufaransa iliwahi kuweka 435 kisheria mwaka 1859. P-45 inaruhusu kusogea kutoka 414.8 hadi 466.8, kwa hatua za 0.2. Mpangilio huu huwa hauguswi, na mara nyingi ni sawa usiguswe. Ila panapokuwa na akodioni ya zamani au hamoniamu, vyombo ambavyo sauti yake imefungwa ndani ya vipande vya chuma, piano ndiyo inayopaswa kukubali. Kazi ya dakika tatu: akodioni ishike A, mwingine asogeze hadi mawimbi yanayopigana masikioni yatulie.

Wapenzi wa taarab wana hoja yao hapa, na wana haki. Vikundi vya Zanzibar kama Nadi Ikhwan Safaa, iliyoanzishwa mwaka 1905, vimelelewa na udi, fidla na ganuni, vyombo vinavyoweza kupita katikati ya noti mbili za piano. Makamu, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, kama Rast na Bayati zinataka robo toni, na hakuna kibao cha robo toni kati ya vile 88. Yamaha na Korg hutengeneza vinanda maalumu kwa ajili ya muziki wa Kiarabu ambavyo mtu anaweza kushusha noti moja moja kwa robo toni. Kikundi cha taarab kinachotaka kinanda kinunue hicho. Piano ya vibao vizito, hata iwe ghali kiasi gani, haitawafaa kwa makamu hizo.

Mwangwi ni jambo la kusikiliza jengo. Piano hizi huongeza mwangwi wa bandia ili chumba kidogo kisikike kama ukumbi. P-45 ina wa aina nne. Chumbani Sinza au Buruburu, ambako sauti inafia kwenye mapazia na magodoro, unapendeza. Ndani ya kanisa la Anglikana la Mkunazini, Unguja, lililoanza kujengwa mwaka 1873 kwa kuta nene za mawe na dari ya kuba, mwangwi upo tayari, tena wa kutosha. Vivyo hivyo katika kanisa la kawaida la vigae sakafuni na mabati juu. Ukiongeza wa mashine juu ya huo, na mguu umesahauliwa kwenye kanyagio, maneno ya wimbo yanageuka uji. Mwangwi wa mashine uzimwe. Mtu mmoja apige, mwingine akae benchi la mwisho asikilize, kwa sababu anachosikia mpigaji aliye mbele ya spika si kile kinachofika nyuma.

Kuhusu mikisa na spika kubwa, mambo ni mawili. La kwanza, kwenye P-45 tundu la hedifoni ndilo hilohilo la kutolea sauti kwenda nje, na ukichomeka waya spika za ndani hunyamaza. Mpigaji anabaki bila kujisikia, anaanza kugonga. Fundi mitambo ampe spika ndogo ya kwake miguuni, si anasa. La pili ni mpangilio wa kuwasha. Piano iwashwe kwanza, kisha spika; wakati wa kuzima, spika zitangulie, kisha piano. Ukibadilisha mpangilio huo, kishindo kinachotokea kinaumiza spika, na waumini walio mbele wanakijua.

Shuleni na nyumbani tundu lilelile la hedifoni lina thamani nyingine. Familia iliyopanga vyumba viwili, na majirani ukuta kwa ukuta, inaweza kuwa na mtoto anayefanya mazoezi saa tatu usiku bila ugomvi na mtu yeyote. Sauti tu ipunguzwe kabla hedifoni haijavaliwa, kwa ajili ya masikio ya mtoto. Na kwa darasa lenye piano moja na wanafunzi wengi kuna mpangilio ambao walimu wengi hawaujui: piano inagawanywa mara mbili katikati, kila upande ukipata noti za kati zilezile. Mwalimu anakaa kushoto, mwanafunzi kulia, anapiga, mtoto anarudia kwenye noti zilezile. Wanafunzi wawili wanaweza kusoma zoezi moja kwa pamoja. Chombo kimoja kinafanya kazi ya viwili, na hakuna kilichonunuliwa zaidi.

Nairobi ina Kenya Conservatoire of Music tangu mwaka 1944, na ABRSM, bodi ya London ambayo mitihani yake ya muziki hufanywa Kenya, ilianzisha mwaka 2020 mitihani ya kupiga kwa video inayokubali piano ya kidijitali. Mtoto wa kawaida mwenye P-45 na kanyagio anaweza kufika huko. Lakini mtahini atasikiliza sauti ndogo na kubwa, na mtoto aliyekuzwa kwenye mguso usiobadilika hatakuwa nazo.

Kamati za ununuzi nazo ziambiwe ukweli. Dukani kinanda kinachovutia ni kile chenye sauti 600 na midundo 200, taa za rangi, na muuzaji anayebonyeza kitufe kimoja bendi nzima ikalia. P-45 ina sauti 10 tu na haina mdundo hata mmoja wa kuigiza bendi. Kwa kwaya inayotaka kusindikizwa na mtu, na kwa shule inayotaka kufundisha mkono, ile yenye sauti 10 na vibao vizito ndiyo ya kununua. Kwa kikundi cha sifa kinachotaka ngoma na besi kutoka kwa mtu mmoja, cha midundo kinafaa, na hakuna aibu. Linalouma ni kununua kimoja ukitegemea kazi ya kingine.

Lipo la mwisho, na liko mikononi mwa watu wengi kwa pamoja. Vitabu vya maelekezo vya mashine hizi huja kwa Kiingereza, Kifaransa, Kihispania, Kijerumani na lugha nyingine kadhaa, Kiswahili hakimo. Wapiga vinanda wetu wengi ni vijana wenye masikio makali ambao hawataki kuhangaika na kurasa za Kiingereza cha kiufundi, na elimu yote ya chombo inabaki kichwani mwa mtu mmoja aliyewahi kujaribu. Akihamia mkoa mwingine, inaondoka naye. Kila parokia, usharika na shule yenye piano iandike karatasi moja ya Kiswahili, ifunikwe plastiki, ibandikwe karibu na chombo: jinsi ya kuwasha bila kujizima, mguso uliochaguliwa, namna ya kuhamisha ufunguo na kuurudisha, mwangwi uzimwe, kipi kiwashwe kwanza na kipi kizimwe kwanza, adapta ya volti ngapi. Wauzaji wa Kariakoo na Luthuli Avenue wanaweza kurahisisha zaidi: wachape karatasi hiyo kwa kila aina wanayoiuza, na waitoe pamoja na risiti.